Kambi za kiangazi: kwa nini mgeni wa usiku mmoja hurudishwa mlangoni

Majira ya kiangazi yanapowadia nchini Uingereza na Marekani, familia nyingi hutamani kulala hemani walau usiku mmoja. Hata hivyo, kambi nyingi zenye umaarufu humtaka mgeni alipie usiku mbili au tatu, la sivyo hapati nafasi. Makala haya yanaeleza chanzo cha sharti hilo, na njia alizo nazo yule asiyeweza kulitimiza.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikusudia kumwonya mgeni asikae mno hata akawa mzigo kwa mwenyeji wake. Msikilizaji uliyeko ughaibuni, pengine umekwisha kukutana na wenyeji wenye desturi iliyo kinyume kabisa. Hao humwambia mgeni: ukitaka kulala kwetu usiku mmoja, hatuna nafasi, ukikubali kulala tatu, karibu sana. Wenyeji hao ni wenye viwanja vya kupigia kambi, na desturi yao huonekana zaidi katika miezi ya Julai na Agosti.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayefanya kazi katika makao ya kutunzia wazee mjini Birmingham. Kazi yake ni ya zamu. Mwishoni mwa Agosti amepata mapumziko kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, basi. Watoto wake wamesikia kwa wenzao shuleni habari za kulala hemani na kuota moto, nao hawamwachi apumue. Hema ameliazima kwa jirani. Anafungua tovuti ya kambi moja huko Wales, anachagua usiku wa Jumamosi, na kumbe nafasi zipo. Anapotaka kulipa ndipo anapojibiwa kwamba muda wa kukaa usipungue usiku tatu. Nafasi ipo, fedha anazo, lakini hapokelewi. Je, ni kwa nini?

Kwanza yafaa ifahamike kwamba hakuna sheria ya nchi inayoweka kiwango hicho. Kila mwenye kambi hujipangia mwenyewe. Jambo lililozoeleka ni usiku mbili mwishoni mwa juma la kawaida, yaani Ijumaa na Jumamosi, na usiku tatu pale Jumatatu inayofuata inapokuwa sikukuu. Kwa Uingereza na Wales, Jumatatu hizo ni pamoja na ya kwanza na ya mwisho ya mwezi wa Mei, na ya mwisho ya mwezi wa Agosti. Desturi hii haiko kwenye mahema pekee. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanajua kwamba baadhi ya hoteli za ufukweni, kama zile za Zanzibar na Diani, nazo huweka masharti ya namna hiyo wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya.

Sababu kuu ni hesabu. Tuseme kiwanja cha hema moja hutozwa pauni 30 kwa usiku. Katika juma lenye sikukuu ya Jumatatu, mwenye kambi ana usiku tatu za kuuza: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Akimkubali mgeni wa Jumamosi peke yake, anapata pauni 30. Familia iliyotaka kukaa usiku zote tatu haiwezi tena kukitumia kiwanja hicho, kwa kuwa katikati pana mtu. Usiku wa Ijumaa na wa Jumapili hubaki yatima. Kambi yenye viwanja 50, ikijaza Jumamosi pekee, itakusanya pauni 1,500 mahali pa pauni 4,500.

Tukumbuke pia kwamba msimu wenyewe ni mfupi. Katika hali ya hewa ya Uingereza, kambi nyingi hufunguliwa wakati wa Pasaka na kufungwa ifikapo vuli, na majuma yenye faida kubwa hasa ni machache. Bima, maji, umeme na matengenezo ya vyoo na mabafu hulipiwa mwaka mzima. Aidha kila mgeni anapoondoka na mwingine kuingia, kuna kazi ya kupokea, kukagua kiwanja na kuzoa taka. Wapo pia wenye kambi wanaosema kwamba makundi yanayokuja kwa usiku mmoja mara nyingi huja kwa karamu, na kelele zao huwaudhi majirani waliokuja kupumzika na watoto.

Kwa upande wa mgeni, kuna jambo linalomfunga asiweze kuhama kwa urahisi kwenda siku nyingine. Nchini Uingereza, mzazi anayemwondoa mtoto shuleni kwa ajili ya matembezi bila ruhusa anaweza kutozwa faini. Tangu Agosti 2024 faini hiyo ni pauni 160 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, ikipungua hadi pauni 80 iwapo italipwa ndani ya siku 21. Kwa hiyo familia zote zenye watoto wa shule husukumwa katika majuma yale yale, na hapo mwenye kambi ndipo anapoweza kuchagua mgeni.

Ni nani basi anayeumia? Wa kwanza ni mfanyakazi wa zamu, na katika jamii zetu za ughaibuni hao si wachache: wauguzi, madereva, walinzi, watunzaji wa wazee. Wa pili ni msafiri wa miguu au wa baiskeli, ambaye kila siku hulala mahali papya. Baadhi ya kambi humwondolea sharti msafiri wa namna hiyo, mradi aje bila gari. Wa tatu, na hili ni jambo la kushangaza, ni kiwanja chenyewe. Mtu anayelipia usiku tatu naye ana nafasi ya kulala mmoja tu, huacha kiwanja kitupu usiku mbili, hali wengine wameambiwa pamejaa.

Uchungu huzidi pale ardhi inapokuwa mali ya umma. Nchini Marekani, kambi nyingi za misitu ya taifa na hifadhi za taifa huwekewa nafasi kupitia tovuti ya serikali ya Recreation.gov, mara nyingi miezi sita kabla. Huko pia, katika kambi nyingi, mgeni hutakiwa kulipia usiku mbili mwishoni mwa juma, na tatu katika sikukuu kama ile ya kuwakumbuka mashujaa wa vita mwishoni mwa Mei, au ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Papo hapo, maeneo yenye umaarufu mkubwa huweka pia kikomo cha juu. Katika hifadhi ya Yosemite, mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya usiku 14 katika majira ya kiangazi, na kati ya hizo zisizidi 7 ndani ya bonde lenyewe. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2023 ili kupunguza viwanja vinavyolipiwa na kuachwa vitupu katika hifadhi za jimbo.

Hapa kuna tahadhari ambayo msikilizaji wa Marekani asiisahau. Kwa utaratibu wa Recreation.gov, mgeni asiyetokea hushikiliwa kiwanja chake hadi saa ya kuondoka ya siku inayofuata ile aliyotakiwa kufika. Basi aliyelipia Ijumaa na Jumamosi ili atimize sharti, lakini akafika Jumamosi jioni pamoja na watoto na vyakula, anaweza kukuta kiwanja kimekwisha kupewa mtu mwingine. Ni vyema kuwaarifu wasimamizi mapema kwamba utachelewa, na kupata jibu lao.

Je, asiye na usiku zaidi ya mmoja afanye nini?

Njia ya kwanza ni kungoja. Siku chache kabla ya tarehe yenyewe, zile usiku zilizobaki yatima huwa hasara kwa mwenye kambi, na wengi huliondoa sharti ili wasikose vyote. Simu hufaa zaidi kuliko tovuti, kwa kuwa mashine hufuata kanuni iliyopewa, lakini binadamu huweza kutazama daftari lake na kuona pengo.

Njia ya pili ni kubadilisha siku. Usiku wa Jumapili hadi wa Alhamisi kwa kawaida hauna sharti hilo. Mfanyakazi wa zamu, ambaye mapumziko yake huangukia hata Jumanne, ana bahati hapa wakati shule zimefungwa.

Njia ya tatu ni kambi ndogo za mashambani. Tangu Julai 2023, mwenye ardhi nchini Uingereza anaruhusiwa kuendesha kambi ya muda kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, yenye viwanja visivyozidi 50, bila kuomba kibali kamili cha mipango. Kambi hizo hazina anasa, lakini wenye nazo mara nyingi husikiliza.

Njia ya nne ni kulala nje ya kambi pale sheria inaporuhusu. Scotland inaruhusu jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2003, mradi mtu atunze mazingira, ingawa sehemu za Loch Lomond huhitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba. Nchini Uingereza kwenyewe ruhusa ya mwenye ardhi ni lazima, isipokuwa sehemu za Dartmoor, ambako Mahakama ya Juu iliithibitisha haki hiyo Mei 2025. Marekani nako, misitu mingi ya taifa huruhusu watu kupiga kambi bure mbali na viwanja rasmi.

Lililo muhimu kuliko yote ni kusoma masharti kabla ya kulipa. Sheria ya Uingereza inayompa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia haihusu malazi yaliyowekewa tarehe maalumu. Ukishalipa usiku tatu, kurudishiwa fedha hutegemea masharti ya kambi hiyo.

Mwenye kambi ana haki ya kulinda riziki yake, na hesabu yake si ya uongo. Lakini kila anayeliweka sharti hili afahamu pia ni nani anayebaki nje ya lango: mara nyingi si mvivu wa kupanga, bali ni mtu ambaye juma lake zima lina usiku mmoja tu ulio wake. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Siku ya kwanza hawakumnyima mkeka.