Kukutana kwa Marais na Dalili Zake



Kila mara mzozo unapopamba moto katika eneo letu la Maziwa Makuu, swali moja huulizwa kambini, vituoni na katika mialo ya wavuvi kuanzia Kabezi hadi Rumonge: je, wakuu wa nchi hizo mbili watakutana ana kwa ana? Mmoja hudai watakutana kesho. Mwingine huapa kwamba hawatakutana kamwe. Aghalabu wote wawili wameokota uvumi. Hata hivyo, jambo hili lina dalili zake, na mlinzi wa raia hana budi kuzifahamu.

Tuwatazame majirani zetu, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Tarehe 15 Desemba 2024 walitazamiwa kukutana Luanda, chini ya usuluhishi wa Rais João Lourenço wa Angola. Siku ilitangazwa, na Rais Tshisekedi alikwisha wasili. Rais Kagame hakwenda. Sababu ilikuwa mezani kwa wajumbe: Rwanda ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza moja kwa moja na kundi la M23, na Kinshasa ilikataa. Dalili ya kwanza, basi, ni kazi ya mawaziri. Wao wakikwama, tangazo la mkutano halina uzito.

Dalili ya pili ni mwenyeji. Tarehe 18 Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, marais hao hao walikutana Doha, mbele ya Amiri wa Qatar, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani. Mkutano huo haukuwa umetangazwa. Mwenyeji mwenye kusikilizwa na pande zote mbili anaweza kufanikisha kwa ukimya lile lililoshindikana kwa kelele. Kwa hiyo ukimya si lazima uwe kukataa.

Dalili ya tatu ni hesabu ya kila kiongozi: atapoteza nini akienda, na nini asipokwenda? Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka nchini Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye. Kuketi naye kungekuwa kumtambua. Mamlaka ya marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haikukutana tena. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata vita vikazuka.

Je, wakikutana ndiyo amani imefika? Hapana. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano mjini Washington, na tarehe 4 Desemba marais wao wakayathibitisha papo hapo Washington. Wiki moja haikupita, M23 wakaingia Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Kalamu iliandika upande mmoja, bunduki ikanena upande mwingine.

Mafunzo kwa askari ni mawili. Mkisikia marais wamepeana mikono, msilegeze ulinzi. Ngojeni amri, na tazameni kama majeshi yamerudi nyuma kweli. Na mkisikia wamekataa kuonana, msimgeuzie hasira mvuvi anayetia nanga usiku, wala mama aliyevuka na watoto wake, wala mtu yeyote kwa sababu ya lafudhi yake. Ugomvi wa wakuu hauwafanyi watu hao kuwa maadui.

Marais watakutana au hawatakutana. Uamuzi huo ni wao. Usalama wa anayeshuka mwaloni Kabezi usiku huu uko mikononi mwenu.