Pikapu Kuukuu, Mzigo wa Korosho na Mteremko wa Newala

Oktoba ikiingia, pikapu kuukuu za Newala hubadilishiwa kazi. Gari lililoshinda kiangazi likibeba mifuko miwili ya saruji na abiria wa kudandia sasa linapakiwa korosho, na kwa gunia la kilo 80, magunia 12 tu yanakaribia tani. Kutoka ukingo huu wa Uwanda wa Makonde kwenda Masasi ni kuteremka. Hapo ndipo mjadala wa gereji huanza: dereva analalamika kwamba pedali ya breki inazama, fundi anamshauri ang'oe dramu afunge diski. Ushauri una mantiki, ila ni wa gharama, na mara nyingi hutibu kisichoumwa.

Tupige hesabu. Chukua pikapu yenye kilo 2,800 pamoja na mzigo. Ikisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki hupokea joto la kilojuli 690 hivi. Sasa iteremshe mita 300 za wima bila kuongeza mwendo: nishati ya kuondoa ni kilojuli 8,200, sawa na kusimama namna ile mara 12 mfululizo. Joto hilo lingechemsha ndoo ya maji ya lita 20 na likabaki. Upepo na matairi hula sehemu yake. Kinachosalia hugawanwa na injini na breki. Gia namba mbili huipa injini fungu kubwa. Nyutro, ile tabia ya kubana dizeli, huzibebesha breki fungu lote, na injini ikizimwa kabisa, busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, huishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache.

Joto likizidi, dramu hutanuka na kuzikimbia breki shuu, hivyo mguu unalazimika kwenda mbali zaidi. Breki shuu zenyewe zikiungua hupoteza mshiko, na dereva husikia harufu kabla ya kuona moshi. Lakini mkosaji asiyetazamwa ni mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Tatizo ni kwamba hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na yakifikisha maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi kama hewa, na pedali inagusa sakafu huku magurudumu yakiendelea kuzunguka. Dereva akipumzisha gari nusu saa, pedali inarudi. Fundi akilikagua haoni kitu, naye anaagiza diski.

Diski ina sifa zake za kweli. Iko wazi, inapoa haraka, na ikitanuka kwa joto haiikimbii pedi. Ikipita kwenye dimbwi hukauka upesi, wakati dramu hubaki na maji na tope. Kwa Land Rover 109 ya zamani, yenye dramu magurudumu yote manne, naona hoja ipo. Kampuni yenyewe ilifunga diski za mbele ilipotoa 110 mwaka 1983. Toyota Hilux nyingi zilizoko barabarani tayari zina diski mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa kwa sababu gari linapofunga breki uzito huhamia huko. Kung'oa dramu zake za nyuma kunaleta faida ndogo, na breki ya mkono itabidi itafutiwe mpango mwingine.

Tena diski si kipande cha kubandika tu. Breki shuu ya mbele ndani ya dramu hujivuta yenyewe kwa mzunguko wa dramu na kumsaidia dereva. Pedi ya diski haina msaada huo, kwa hiyo inataka busta na masta silinda inayolingana nayo. Ukikosea uwiano wa mbele na nyuma, magurudumu ya nyuma hukwama kwanza na gari huzunguka.

Kabla ya kununua diski, kipimo cha kwanza ni rahisi. Kwenye uwanja mtupu, gari likiwa na mzigo wake, kanyaga kwa nguvu. Magurudumu yakikwama, nguvu ya kusimamisha inatosha. Breki kubwa zaidi hazitafupisha umbali, kwani mpaka umewekwa na tairi na ardhi. Lami inaubadilisha mpaka huo. Barabara ya Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi, ya kilomita 160 hivi, iko kwenye mradi wa lami, na lami inaalika mwendo. Kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ya kuondoa huongezeka mara nne.

Mimi ningeanza na mafuta mapya ya DOT 4, kutoa upepo, breki shuu na pedi bora, na dramu zilizorekebishwa sawasawa. Kisha ningelala chini ya gari nitazame nyuma. Hilux nyingi zina vali yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali hupeleka presha zaidi breki za nyuma. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe korosho, bodi haishuki, vali inadhani gari ni tupu, na breki za mbele zinabaki kubeba kazi kuliko fungu lake. Fimbo hiyo hurekebishwa kwa spana.