Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Mkono wa Kushoto wa Mpiga Besi

Katika bendi ya dansi mwimbaji na mpiga solo ndio wapatao sifa, ilhali mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma na wachache humtazama. Hata hivyo, miguu ya wachezaji humfuata yeye. Mpiga solo akikosea sauti moja, kosa hupita kama upepo. Mpiga besi akikosea, ukumbi mzima hujikwaa. Kwa hiyo leo twapenda kusema na vijana wanaoanza kujifunza chombo hiki, na tutasema juu ya mkono wa kushoto peke yake. Huo ndio mkono unaowauma, na wengine huliweka gitaa chini wakidhani kwamba hawakuzaliwa na vidole vya kazi hiyo. Sivyo. Aghalabu kosa si la vidole, bali ni la mahali vilipowekwa.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Gitaa la besi lina nyuzi nne, nazo kuanzia ule mnene huitwa E, A, D na G. Shingo yake imekatizwa na vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti. Kabla ya gitaa hili, kazi ya besi ilifanywa na chombo kikubwa cha mbao kinachosimamishwa wima, kirefu kupita mtu. Hata katika rumba ya Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, besi hiyo ya kusimama ilisikika katika miaka ya 1950. Mwaka 1951 Mmarekani Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme, Precision Bass, lenye nyuzi za urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Kipimo hicho ndicho kinachotumika zaidi hata leo.

Urefu huo ndio chanzo cha taabu. Katika gitaa la kawaida, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 10 hivi. Katika besi ni sentimita 13. Lakini freti hukaribiana kadiri mkono unavyopanda kuelekea mwili wa gitaa: kutoka freti ya tano hadi ya nane ni sentimita 10, na kutoka ya tisa hadi ya kumi na mbili ni 8 tu. Basi mkono mmoja unapita katika nchi mbili, moja pana na moja nyembamba, na haifai kutumia sheria moja kwa nchi zote mbili.

Kijana aliyetoka katika gitaa la kawaida hufuata desturi ya kidole kimoja kwa kila freti. Kidole cha shahada hushika freti ya kwanza, cha kati ya pili, cha pete ya tatu, na cha mwisho ya nne. Kuanzia freti ya tano kwenda juu desturi hiyo ni njema, maana nafasi ni ile ile aliyoizoea. Huko chini karibu na kichwa cha gitaa, humlazimisha kuutanua mkono kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri, na mkono uliotanuliwa hivyo hauna nguvu wala wepesi.

Wapigaji wa besi ya kusimama waliipatia shida hii dawa zamani. Franz Simandl, aliyeishi kati ya 1840 na 1912 na kufundisha mjini Vienna, aliandika mafunzo ya besi ambayo yangali yakitumika. Katika njia yake, kidole cha shahada hushika sauti ya kwanza, cha kati ya pili, na cha mwisho ya tatu. Kidole cha pete hakipewi sauti yake. Hulala juu ya uzi pamoja na kidole cha mwisho na kukisaidia kubonyeza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa methali hiyo ni sheria ya kazi. Kwa njia hii mkono hufunika freti tatu badala ya nne. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni sentimita 9 tu. Sauti ikiwa mbali zaidi, usiutanue mkono, bali uhamishe wote, na kidole gumba kiende nao.

Kidole gumba hicho nacho kina adabu yake. Kikae nyuma ya shingo, takribani mkabala wa kidole cha kati, kwa wepesi. Si kazi yake kukaba. Kifundo cha mkono kisipindwe sana, kwa maana kano za vidole hupitia hapo. Anayening'iniza gitaa hadi mapajani kwa sababu ya fahari hulazimika kukikunja kifundo hicho. Afupishe mkanda, gitaa likae mahali pale pale lilipo akiwa ameketi.

Halafu kuna mahali pa kubonyeza. Kidole kikae nyuma tu ya freti, upande wa kichwa cha gitaa, kikiigusa kwa karibu bila kuikalia. Kikiwa mbali, uzi hunguruma na mpigaji huongeza nguvu bure. Kikikaa juu ya freti yenyewe, sauti hufifia. Lipo jaribio rahisi: weka kidole juu ya uzi bila kubonyeza, piga kwa mkono wa kulia, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo hadi sauti itoke safi. Nguvu hiyo yatosha. Inayozidi hapo ni jasho lisilo na ujira.

Tutoe mfano. Mwanafunzi anataka sauti tatu za C, yaani C, E na G. Kidole cha kati kishike freti ya tatu ya uzi wa A, hiyo ni C. Kidole cha shahada kishike freti ya pili ya uzi wa D, hiyo ni E. Wengi kisha huunyosha mkono hadi freti ya tano ya uzi wa D kuitafuta G, ilhali uzi wa G, ukiachwa wazi, hutoa sauti ile ile bila kubonyezwa.

Uzi ulio wazi, hata hivyo, huendelea kulia usipozuiwa, na mpiga besi huwajibika kwa kimya kama awajibikavyo kwa sauti. Ili kuizima sauti, legeza kidole bila kukiondoa juu ya uzi. Vidole visivyo na kazi navyo vilale kidogo juu ya nyuzi jirani ili zisijisemee zenyewe.

Kwa zoezi, anzia freti ya tano hadi ya nane, kidole kimoja kwa kila freti, pigo moja kwa sekunde, uzi hadi uzi. Vidole visirukeruke mbali na nyuzi. Dakika kumi kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumapili. Mkono ukizoea, shuka chini na utumie njia ya vidole vitatu. Mtu wa shoto, kama alivyo Paul McCartney wa Beatles, hugeuza gitaa. Yeye asome kulia tulipoandika kushoto.

Mwisho, na hili tunalisema kwa mkazo: ngozi ya ncha za vidole kuuma siku za mwanzo ni jambo la kawaida, nayo hukomaa. Lakini maumivu makali ya kifundo, au ganzi vidoleni, si ushujaa. Mwanafunzi aache kupiga, apumzike, na hali ikiendelea amwone daktari. Samaki mkunje angali mbichi: mkono uliofunzwa vyema tangu mwanzo waweza kumtumikia mwenyewe hadi uzeeni, ilhali uliolazimishwa kwa nguvu waweza kumnyima muziki kabla hajaufahamu.