Zege linaloliwa chini ya parseli za Goma

Anayechimba choo Goma hupambana na jiwe tangu siku ya kwanza. Mji umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuishia katika Ziwa Kivu. Kulaza mabomba ndani ya mwamba wa namna hiyo ni kazi ya gharama kubwa, na Goma haina mtandao wa maji taka wala mtambo mkubwa wa kuyasafisha kama ule wa Bugolobi, Kampala. Kazi ya kupokea maji taka tumeziachia fosi septiki, zilizofunikwa kwa dali za zege ndani ya parseli zetu.

Wengi hudhani zege la fosi huharibika chini, kwenye uchafu. Sivyo. Sehemu iliyozama hudumu. Inayoliwa zaidi ni ile iliyo juu ya maji. Bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda na kunaswa na unyevu wa kuta na wa upande wa chini wa dali. Hapo bakteria wa jamii nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ileile ya betri za gari. Mtafiti C. D. Parker aliwaeleza bakteria hao mwaka 1945, baada ya kuchunguza mifereji ya maji taka ya Melbourne, Australia. Asidi hugeuza simenti kuwa jasi laini inayokwanguka kwa kijiko. Ikifika kwenye nondo, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, huku watoto wakicheza juu ya dali inayoonekana nzima.

Kosa linaloniuma ni la kupiga lipu mpya juu ya zege lililooza. Lipu hiyo itabanduka, na pesa ya simenti imekwenda bure. Zege bovu linatakiwa kuchongwa lote mpaka lifikiwe lile gumu. Fundi mwenye vifaa hunyunyizia fenoftaleini: palipo pazima hugeuka rangi ya waridi, palipoathirika hapabadiliki. Nondo husuguliwa kutu, zilizokonda sana hubadilishwa, ndipo zege jipya lijazwe. Simenti ya alumina huvumilia asidi kuliko ya kawaida, ila bei yake ni kubwa. Majivu ya volkano yaliyosagwa vizuri, ambayo sisi tumezungukwa nayo, yakichanganywa na simenti hula chokaa iliyo ndani yake na kulifanya zege lishikamane zaidi. Hayazuii asidi kabisa, kwa hiyo uso wa ndani bado unahitaji kupakwa epoksi.

Mtu asiingie ndani ya fosi peke yake, wala bila kupima hewa. Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa nzito inayoua mabondeni bila kuonekana. Gesi ya fosi ni nyingine, ila ni katili vilevile: ikizidi huua uwezo wa kunusa, mtu akadhani imeondoka.

Mitambo mikubwa ya maji taka hukarabatiwa huku ikifanya kazi, kwa kuelekeza maji kwenye tanki moja na kukausha jingine. Familia yenye fosi moja haina nafasi hiyo. Lazima fosi inyonywe, na wapangaji waombe choo kwa jirani mpaka zege likomae. Ndiyo maana ukarabati huahirishwa miaka na miaka. Wakati huo maji yanayovuja hushuka kwenye nyufa za lava kuelekea Ziwa Kivu, ambako shirika la maji, REGIDESO, huvuta maji ya mji na ambako wengi huteka kwa bidoni. Madhara ya maji machafu tunayajua: kipindupindu cha mwaka 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa. Kwa hiyo anayejenga leo ajenge fosi mbili zinazoweza kupokezana, na kila moja aipe bomba la hewa.