KIPIMO KISICHO SAHIHI NI ADUI ASIYEONEKANA

Mlima wa Mulago, mjini Kampala, unafahamika kwa kila askari na polisi wa Uganda. Hospitali iliyoanzishwa hapo mwaka 1913, ambayo jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1962, imewapokea majeruhi wetu wakati wa vita na wakati wa amani. Hapo ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda mwaka 1988. Leo tunapenda kueleza jambo ambalo mgonjwa halioni, nalo ni usahihi wa volti.

Mashine ya kupimia umeme wa moyo huchora mistari juu ya karatasi yenye miraba. Kwa kawaida milivolti moja, yaani sehemu moja ya elfu ya volti, huchorwa kwa kimo cha milimita 10. Daktari anayemchunguza mtu mwenye maumivu ya kifua huweza kukata shauri zito kwa kuona mstari umepanda milimita moja tu. Ikiwa mashine imelegea, na kimo cha 10 kikawa 8, mstari huo hautafikia milimita moja, na askari aliyestahili kulazwa huenda akarudishwa kambini.

Kwa ajili hiyo mafundi huijaribu mashine kwa chombo cha volti sanifu, ambacho kazi yake ni kutoa volti inayojulikana, isiyoyumba. Kwa miaka mingi mataifa yalitegemea betri ya kemikali aliyoibuni Edward Weston mwaka 1893, yenye volti 1.0183 hivi katika joto la nyuzi 20. Tangu tarehe 1 Januari 1990 yamefuata njia iliyotokana na ugunduzi wa Brian Josephson wa mwaka 1962. Hapa kwetu, maabara ya vipimo ya taifa imo katika Shirika la Viwango la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983.

Hata hivyo, chombo bora mikononi mwa mzembe ni sawa na bunduki nzuri ambayo shabaha yake haijarekebishwa. Makosa huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni haraka. Chombo kilichowashwa sasa hivi bado kinapata joto, na volti yake hutembea. Kiachwe kwanza kitulie kwa muda ulioandikwa katika kitabu chake.

Wa pili ni viungo vya waya. Shaba ikigusana na risasi ya kulehemu, tofauti ya joto huzaa umeme mdogo, yapata mikrovolti 3 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 10 za joto la vidole zaweza kuleta mikrovolti 30, nazo ni asilimia 3 ya milivolti moja. Dawa yake ni kusafisha viungo, kungoja vipoe, kisha kupima mara mbili, mara ya pili waya zikiwa zimegeuzwa kwenye chombo sanifu. Kosa lililoongeza mara ya kwanza hupunguza mara ya pili. Ukisoma 1.03 kisha 0.97, wastani wake ni 1.00.

Wa tatu ni mita yenyewe. Chombo chenye ukinzani wa ndani wa ohmu 1,000, kikiunganishwa na mita ya ohmu 10,000, hupoteza sehemu moja katika 11 ya volti yake. Kwa mita ya ohmu milioni 10, hasara ni sehemu moja katika 10,000 tu.

Mafunzo haya si ya hospitali peke yake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, iliyobaki nusu husoma 12.2 hivi. Mita inayokosea kwa 0.4 yaweza kumdanganya mwendesha redio kabla ya doria ya usiku.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Makosa madogo nayo hujaza kibaba chake. Basi, ndugu askari na polisi, tuvipime kwanza vipimo vyetu, ndipo tuviamini.