Vipuri vya Vyombo vya Sauti na Gharama Isiyoonekana Dukani

Biashara ya kukodisha vyombo vya sauti katika miji ya Afrika Mashariki, ambayo huhudumia harusi, mikutano ya injili, maulidi, kampeni za siasa na matamasha ya singeli, hutegemea mtaji unaochakaa haraka kwa joto, vumbi na umeme usiotulia, na kwa hiyo faida yake haitokani tu na bei ambayo spika na amplifaya zilinunuliwa, bali pia na gharama ya kuzirudisha kazini kila zinapoharibika. Vifaa vipya vya bei nafuu vimejaa madukani tangu viwanda vya jimbo la Guangdong nchini China viliposhika soko hili, lakini unafuu huo haukufika kwenye matengenezo. Lawama hutupiwa ushuru wa forodha na umbali wa viwanda, ilhali sehemu kubwa ya tatizo imo ndani ya kifaa chenyewe, yaani katika namna kilivyoundwa na namna mtengenezaji anavyokubali kukiuza vipande vipande.

Spika hubadili umeme kuwa mtikisiko wa hewa kwa ufanisi mdogo mno: kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya nguvu inayoingia ndiyo hutoka kama sauti, na iliyobaki hugeuka joto ndani ya koili, ambayo ni waya mwembamba uliosukwa kuzunguka kibomba kinachocheza ndani ya uwazi wa sumaku. Mwendeshaji anapoilazimisha amplifaya ipite uwezo wake, joto hilo huzidi na koili huungua, huku fremu ya chuma na sumaku, ambazo ndizo sehemu nzito na ghali kusafirisha, zikibaki nzima. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa zamani waliuza koni pamoja na koili yake kama kipuri cha kawaida, na Peavey ya Marekani ilifika mbali zaidi kwa spika zake za Black Widow, ambazo sumaku yake hufunguliwa kwa skrubu ili fremu yenye koni mpya ifungwe mahali pa ile iliyoungua bila gundi wala fundi bingwa. Spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo hazina kipuri cha namna hiyo, na mwenye mali hubaki na njia mbili: kununua spika nzima, au kumpelekea fundi anayesuka koili kwa mkono, ambaye kazi yake huwa nzuri au mbaya kulingana na waya na gundi aliyoipata sokoni.

Kwenye honi, yaani sehemu inayotoa sauti kali za juu, kinachoharibika mara nyingi ni diaframu, kiwambo chembamba cha metali kilichoshikana na koili yake. Diaframu ya JBL 2426, kwa mfano, ni ya titani, na huja kwa aina mbili zinazofanana kwa macho, moja ya omu 8 yenye herufi H na nyingine ya omu 16 yenye herufi J. Maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi huuza diaframu za kuiga ambazo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya zile za kiwandani, na si haki kuzibeza zote, kwa kuwa kwa kazi ya harusi uwanjani nyingi zinatosha. Kasoro yake hujitokeza pale honi moja inapowekewa ya kuiga na ya upande wa pili ikabaki na ya asili, kwa maana sauti za pande mbili hazilingani tena, na hakuna marekebisho ya miksa yanayoondoa kabisa tofauti hiyo.

Amplifaya huleta hasara ya aina nyingine. Transista za nguvu, ambazo ndizo husukuma mkondo mkubwa wa umeme kwenda kwenye spika, zinapatikana karibu kila duka la vifaa vya elektroniki na bei yake si kubwa. Tabu ni kutojua zipi ni za kweli. 2SC5200 ya Toshiba, inayotumika pamoja na mwenzake 2SA1943 katika amplifaya nyingi, imewekewa kikomo cha volti 230, ampea 15 na wati 150, na ni miongoni mwa transista zilizoigwa sana duniani. Ile feki huwa na kipande cha silikoni kidogo kuliko kinachotakiwa, hivyo hupita kipimo cha mita mezani, hucheza vizuri kwa sauti ya chini, kisha hupasuka usiku wa kazi. Kwa vile transista hizo hupangwa nyingi kwa pamoja, moja ikipiga shoti huziunguza jirani zake, na wakati mwingine umeme wa moja kwa moja hupita hadi kwenye spika na kuunguza koili. Huu ndio ughali mbaya kuliko wote, kwa sababu hauandikwi kwenye risiti yoyote: fundi hulipwa mara mbili, spika huongezeka kwenye orodha ya vilivyokufa, na mteja wa shughuli ile hatarudi.

Miksa za kidijiti zimebadili hesabu kwa njia yake. Yamaha M7CL ya mwaka 2005 na Behringer X32 ya mwaka 2012 zilileta ndani ya meza moja kazi ambazo zamani zilihitaji makabati ya vifaa, lakini zilileta pia vitelezi vinavyosukumwa na mota ndogo, ambavyo huumizwa na vumbi, pamoja na bodi zenye vijenzi vidogo visivyobadilishwa kirahisi kwa pasi ya risasi ya kawaida. Hitilafu ya kijenzi cha senti chache huishia kununuliwa bodi nzima. Hata viwanda vyenyewe havina usalama: moto uliounguza kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices huko Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, ulikatiza ugavi wa chipu zinazobadili sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti, na watengenezaji wa vifaa vya sauti walilazimika kusanifu upya bidhaa zao ili zitumie chipu za kampuni nyingine.

Ushuru na usafiri vina sehemu yake, ingawa ni kwa namna inayosahauliwa. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania na Uganda na asilimia 16 Kenya, hupanda na kushuka pamoja na bei, lakini ada ya chini ya msafirishaji na malipo ya wakala wa forodha hayajali udogo wa mzigo, hivyo kipuri cha dola 5 kinachoagizwa peke yake kinaweza kufika kikiwa kimegharimu mara kadhaa ya bei yake. Mfanyabiashara anayejaza kontena huko Guangzhou naye hana sababu ya kuweka humo diaframu za aina ishirini ambazo huenda zikakaa rafuni miaka mitatu, wakati nafasi hiyohiyo ingebeba spika zitakazokwisha kwa wiki chache. Ndiyo maana chanzo kikubwa cha vipuri vya asili kimekuwa ni vifaa vibovu vinavyonyofolewa, pamoja na mitumba, ambayo ikitoka Marekani huwa ya volti 120 na huungua siku ya kwanza isipochunguzwa.

Sheria za haki ya kutengeneza zilizopitishwa ng'ambo hazijagusa sana eneo hili. Ile ya California iliyosainiwa mwaka 2023 inawataka watengenezaji kutoa vipuri na maelekezo kwa miaka 7 kwa bidhaa za kielektroniki zenye bei ya jumla ya kuanzia dola 100, lakini ya New York ya mwaka 2022 imeacha nje bidhaa zinazouzwa kwa mikataba baina ya biashara na biashara, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 limejikita katika vifaa vya matumizi ya kawaida, kama mashine za kufulia na simu.

Nguvu iliyobaki kwa mnunuzi wa hapa ni kabla ya kulipa. Shure huuza kapsuli ya maikrofoni ya SM58, iliyotoka mwaka 1966, kama kipuri chenye namba yake, na mnunuzi ana haki ya kudai kiwango hicho kwa kila kifaa cha kazi. Kampuni za kukodisha, makanisa na kumbi za mji mmoja zinashauriwa kubaki na aina mbili au tatu za spika na amplifaya, kuagiza diaframu na transista kwa pamoja kutoka kwa wasambazaji wanaotambuliwa na kiwanda, na kumtaka muuzaji aandike kwenye ankara bei ya koni, diaframu na bodi za kifaa anachouza.