Je, Marehemu Aweza Kumsaidia Mgonjwa?

Jamaa za wagonjwa hutuuliza hivi: "Munganga, watu wanakufa kila siku. Mbona figo ya marehemu isitiwe katika mwili wa mtoto wetu, apate kupona?" Swali hili ni jema, wala si dhambi kuliuliza. Basi, tulijibu.

KAZI HII YAWEZEKANA

Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Afrika Kusini, daktari Christiaan Barnard aliutoa moyo wa msichana Denise Darvall, aliyegongwa na motokari, akautia kifuani mwa Louis Washkansky. Kwanza baba wa msichana aliombwa ruhusa, naye akakubali. Moyo ule ulipiga vizuri, lakini baada ya siku 18 Washkansky alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kwa nini? Mwili hupigana na kila kitu kigeni. Ili usiukatae moyo mpya, alipewa dawa za kupunguza nguvu zake za kupigana, naye hakuweza kuushinda ugonjwa. Siku hizi dawa ni bora, na wengi huishi miaka mingi. Lakini imewapasa kuzimeza kila siku.

Huko Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Uganda, hospitali ya Mulago, Desemba 2023. Figo hizo za kwanza zilitolewa na watu walio hai, kwa maana mtu ana figo mbili, naye aweza kuishi kwa moja. Hapa Goma kazi hiyo haifanyiki.

UGUMU WA KUPOKEA KWA MAREHEMU

1. Saa ni chache. Damu ikisimama, viungo huanza kuharibika, kama maziwa yaliyoachwa juani. Moyo ukitolewa na kuwekwa katika baridi hungoja saa 4 hivi tu. Figo yaweza kungoja siku moja, pengine zaidi kidogo. Mtu akifa nyumbani usiku, asubuhi figo zake hazifai tena. Lakini kioo cha mbele cha jicho chaweza kutolewa saa kadhaa baada ya kifo.

2. Vyombo ni vingi. Mara nyingi mtoaji ni mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, lakini mashine inampulizia hewa, na moyo ungali unapiga. Huyu hakulala usingizi, amekufa. Madaktari humpima kwa uangalifu mwingi, nao wasiwe wale wanaotaka viungo vyake. Kwa kazi hii umeme usikatike, na mahali pa kupimia damu pawe tayari usiku na mchana.

3. Si kila kiungo kinamfaa kila mtu. Lazima damu ya mtoaji ipatane na ya mpokeaji.

4. Watu wanaogopa. Wengine husema, "Daktari atamwacha ndugu yetu afe, apate kuuza viungo vyake." Tusiwacheke. Hofu hii huondolewa kwa ukweli na kwa sheria inayokataza biashara hiyo. Kenya ilitunga sheria juu ya kutoa viungo mwaka 2017, Uganda mwaka 2023. Pasipo uaminifu, hata hospitali yenye mashine zote haitapata kitu.

NA UFUFUO JE?

Mkristo mmoja aweza kuuliza, "Nikitoa macho yangu, nitafufuka kipofu?" Ndugu, fikiri juu ya wale walioteketea kwa moto wa Nyiragongo. Je, Bwana atashindwa kuwafufua? Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hahitaji tumtunzie mifupa. Someni 1 Wakorinto sura ya 15. Lakini mtu asilazimishwe. Kitu kilichotolewa kwa nguvu si zawadi tena.

TUFANYE NINI SASA?

Januari 2025, wakati wa vita mjini Goma, majeruhi walijaa katika hospitali ya CBCA Ndosho na nyinginezo. Watu kama hao wanahitaji damu, nayo haitengenezwi kiwandani. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa karibu nusu lita, na mwili wake utairudisha. Zawadi hii haingoji kifo chako.

Tena tuzilinde figo zetu. Mpimwe nguvu ya damu na sukari, hata kama hamsikii maumivu. Msinunue ovyo vidonge vya maumivu sokoni, wala msinywe dawa ya miti msiyoijua.

Mwisho, semeni na jamaa zenu mngali wazima. Siku ya msiba, katikati ya kilio, ni vigumu kuamua neno jipya. Lakini baba anayejua mapenzi ya mtoto wake anaweza kujibu kwa moyo mtulivu.

Bwana awabariki.